Mwanafunzi wa Kumi

Waraka ulifika Songo, mtaa wetu hapa Uvira, siku ya Jumatatu, mwezi wa tatu, ukiwa na kurasa kumi na nne, mihuri miwili, na sahihi ambayo hakuna aliyeweza kuisoma. Bwana Manirakiza, mkurugenzi wa kituo chetu cha ufundi, alituita wajumbe wa kamati ya wazazi, ambayo mimi ni mwenyekiti wake, akatusomea kurasa zote akiwa amesimama, kama mtu anayesoma Injili. Alipomaliza aliketi, akajifuta jasho, akasema kwamba hatimaye wakubwa wameamua kuweka utaratibu katika vituo vya kufundishia kazi za mikono, na kwamba sisi tutakuwa wa kwanza kutii katika ufuko wote wa ziwa, tangu Uvira hadi Baraka.

Mimi nilifurahi. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na minane, na kabla ya hapo nilifundishwa na mabruda waliokagua kucha zetu kila asubuhi kabla ya sala. Utaratibu siuogopi. Nilirudi nyumbani nikamwambia mjukuu wangu Délice, aliyekuwa akimaliza mwaka wa mwisho wa kuchomelea vyuma, kwamba sasa breve yake, yaani cheti cha kuhitimu, itakuwa na uzito. Délice alikuwa msichana pekee katika darasa lile, na sisemi hivi kwa sababu ni damu yangu: mkono wake hautetemeki. Aliniuliza kama waraka umesema lolote kuhusu walimu. Nikajibu kwamba umesema. Sikumweleza umesema nini, maana nami nilikuwa nimesikiliza sauti kuliko maneno.

Kifungu cha sita kilikuwa hiki: hakuna mtu atakayefundisha fani yoyote bila diploma ya ufundi iliyotolewa na serikali. Asiyekuwa nayo ataondoka kabla ya ukaguzi, ambao ungefanyika baada ya majuma manne. Kituo kitakachokutwa na mwalimu wa namna hiyo kitafungwa, na wanafunzi wake hawatapokelewa mbele ya jopo la mtihani wa mwezi wa sita.

Mwalimu wetu wa kuchomelea alikuwa Ndihokubwayo, mtu wa Lubarika, mwenye umri wa miaka hamsini na saba na darasa la nne la msingi. Kazi alijifunza katika kiwanda cha sukari cha Kiliba, alikoingia kijana wa kubeba vyuma akatoka bingwa, siku kiwanda kilipofunga milango. Tangu hapo, ukiona pale bandarini Kalundu boti ya chuma isiyovuja, ujue ni yeye aliyeiunga, au alimfundisha aliyeiunga. Ziwa lilipopanda likaingia katika atelye, yaani karakana yetu ya zamani kule chini, mashine ya kuchomelea, tunayoiita posti, ilikaa majini siku tano. Mkurugenzi aliandika ripoti ya hasara. Ndihokubwayo aliitoa posti ile majini, akaibeba mgongoni, akaifungua, akaanika nyaya zake juani majuma matatu kama mtu anayeanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, kisha akaifunga. Inafanya kazi mpaka leo, ingawa ni yeye peke yake ajuaye skrubu ipi ikazwe na ipi iachwe ilivyo.

Alikuwa amefundisha pale miaka kumi na moja. Katika miaka hiyo yote alidai jambo moja tu: ndani ya uzio wa kituo asiitwe fundi. Huko nje, sokoni na bandarini, fundi ni jina zuri. Ndani aliitwa mwalimu, na mwanafunzi aliyesahau alipanga vyuma vya ghalani kimoja kimoja, kwa urefu wake, mpaka akakumbuka.

Bwana Manirakiza si mtu mbaya, na ningependa hilo lieleweke. Ni mtu anayeamini kwamba jambo likishaandikwa limekwisha fanyika. Alikaa na waraka siku tatu, akatuletea hesabu iliyonyooka. Kifungu cha sita kinataka mwalimu mwenye diploma. Kifungu cha tisa kinataka kila fani iwe na wanafunzi wasiopungua kumi, nasi tulikuwa nao tisa. Kifungu cha kumi na saba kinasema kwamba hakuna anayeruhusiwa kuingia katika atelye isipokuwa walimu wenye diploma na wanafunzi walioandikishwa. Sasa, bila Ndihokubwayo posti haiamki. Na posti isipoamka mbele ya inspekta, hakuna kituo. Kwa hiyo lazima Ndihokubwayo awemo ndani. Mwalimu hawezi kuwa. Mgeni hawezi kuwa. Basi anabaki kuwa nini?

Hesabu ilikuwa sahihi. Niliikagua mwenyewe na sikuona kosa.

Diploma ilipatikana bila taabu. Kwetu huku mtu huazima koti la harusi, huazima viti vya matanga, na hakuna anayemcheka. Diploma nayo ina desturi yake. Kulikuwa na bwana mmoja aitwaye Basile, aliyepata diploma ya ufundi wa vyuma zamani kidogo, kisha akaona vyuma ni vizito, akaanza kuuza vitenge sokoni. Diploma yake ilikuwa imekwisha fundisha katika vituo vitatu. Mwenyewe hakuwahi kukaa katika hata kimoja zaidi ya siku moja ya ukaguzi. Alikubali mara moja, akauliza tu kama tutampa koti jeupe au aje na lake.

Aliyebaki kuambiwa ni Ndihokubwayo. Aliitwa ofisini asubuhi, akasimama karibu na mlango kwa sababu viatu vyake vilikuwa na masizi. Mkurugenzi alimsomea vifungu vitatu, akamweleza hesabu, akamhakikishia kwamba ni kwa siku moja tu, kwamba inspekta akishapanda pikipiki yake kila kitu kitarudi mahali pake. Ndihokubwayo alisikiliza hadi mwisho. Aliuliza itakuwaje akikataa. Akaambiwa kituo kitafungwa na wanafunzi hawatafanya mtihani. Akauliza kama ni wote tisa. Akaambiwa ni wote tisa.

"Basi muniandike," akasema.

Bi Bernardine, katibu wa kituo, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kupata kutu, alifungua rejista akamwandika namba kumi. Palikuwa na safu ya kujaza jina la mzazi au mlezi, na waraka ulikataza safu yoyote kubaki tupu. Tulitazamana. Mwishowe, kwa kuwa mimi ni mwenyekiti wa wazazi, niliandikwa mimi, na nikaweka sahihi. Kisha Bi Bernardine akatoa kabatini shati jeupe na suruali ya buluu, sare ya wanafunzi, akamwekea shati kifuani kulipima.

"Papa Ndiho, hii shati inakupasa kabisa," alisema. "Lakini usichelewe ile siku. Ukichelewa tutakurudisha ulete muzazi."

"Minye wazazi wangu niliwazika Lubarika, mama Bernardine. Nitaleta nani?"

"Utaleta huyu," akanielekezea kalamu. "Ndiye muzazi wako mu rejista. Akikuchapa, usilie."

Tulicheka, na Ndihokubwayo naye alicheka kidogo. Aliikunja sare akaiweka kwapani, akarudi kufundisha, kwa kuwa bado alikuwa mwalimu kwa majuma yaliyosalia.

Inspekta alikuja siku aliyosema atakuja, jambo ambalo lenyewe lilitutia hofu. Jina lake lilikuwa Irankunda, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye adabu, viatu safi, na tablete iliyobeba fishi, yaani orodha ya maswali mia moja na ishirini. Pikipiki yake ilikuwa imevunjika mguu wa kuegeshea, akaiegemeza ukutani. Tulianza kuzunguka: yeye mbele, mkurugenzi pembeni yake, mimi nyuma yao, kwa sababu fishi ilitaka awepo mwakilishi wa wazazi.

Kizimamoto kilikuwepo, kimetundikwa mita moja na nusu kutoka sakafuni kama ilivyoagizwa. Alipima kwa utepe mara mbili. Kama kilikuwa na kitu ndani, hilo halikuulizwa. Sanduku la dawa lilikuwepo, limefungwa kwa kufuli, na ufunguo haukuwa miongoni mwa vitu vya kukaguliwa. Bango la usalama kazini lilikuwepo. Lilimwonyesha mzungu akianguka kutoka juu ya meli. Kuhusu vyoo, fishi ilidai viwili, cha wanaume na cha wanawake. Sisi tulikuwa na shimo moja, lakini mkurugenzi alikuwa ameongeza mlango wa pili upande wa nyuma na kuuandika vizuri. Inspekta alihesabu milango, akaweka alama.

Nasema haya bila chuki kwa kijana yule. Alifanya kazi yake kama alivyofundishwa. Kuna watu hupewa macho na kuna watu hupewa fishi.

Katika atelye wanafunzi kumi walisimama. Tisa walikuwa na umri wa miaka kati ya kumi na minane na ishirini na miwili. Wa kumi alisimama nyuma ya posti, shati limebana mabega, mvi zikionekana juu ya masikio, mikono miwili imeunganishwa mbele kama mwanafunzi mwenye heshima. Inspekta alimtazama. Akaitazama orodha. Akamtazama tena. Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini fishi ile haikuwa na mahali pa kuandika mshangao, naye akaendelea na swali la themanini na tatu, lililotaka mwalimu aonyeshe kazi na wanafunzi wairudie.

Basile, ndani ya koti lake jeupe, hakubabaika. Miaka ya kuuza vitenge ilikuwa imemfunza kusema. Alieleza kwamba zamani mwalimu alifanya na mwanafunzi akatazama, lakini elimu ya sasa imegeuza jambo hilo. Leo mwalimu wa kweli hajulikani kwa mikono yake mwenyewe, bali kwa mikono ya wanafunzi wake. Kwa hiyo yeye, kwa kanuni, hagusi posti. Inspekta alitikisa kichwa kwa kukubali na akaandika mistari mitatu. Basile akanyoosha kidole.

"Weye kule nyuma, mutoto. Kuja uonyeshe bwana inspekta vile nilikufundisha."

Ndihokubwayo alikuja. Nilimwona Délice akiinamisha uso, na vijana wengine wakitazama viatu vyao. Inspekta, kwa kutafuta chuma cha kuunga, alikumbuka pikipiki yake, akauliza kama inawezekana. Wakaileta. Ndihokubwayo alikaza skrubu moja, akalegeza nyingine, posti ikaguna na kuamka. Alishusha barakoa usoni, akachagua bageti, ule ufito wa kuungia, akainama. Kazi yote haikumaliza dakika nne. Alipogonga ganda na kulipangusa, mshono ulionekana umelala sawasawa, pindo juu ya pindo, kama magamba ya samaki wa mukeke.

Inspekta alipitisha kidole hapo, akarudia. Ilikuwa dhahiri kwamba hajui amwiteje mtu huyu. Umri wake ulikataa jina moja na rejista ilikataa lingine. Akayaunganisha.

"Papa mwanafunzi," akasema, "iko miaka ngapi unasoma hapa?"

"Kumi na moja."

Mkurugenzi alikohoa. Inspekta aliandika kumi na moja.

"Na nani alikufundisha kusude vyuma namna hii?"

Ndihokubwayo aliweka nyundo chini. Mtu huyo nimemfahamu tangu alipokuja mjini. Hata anapokosea kipimo hulitangaza kosa lake mbele ya wanafunzi kabla hawajaliona wenyewe. Aliwatazama wale tisa, mmoja baada ya mwingine, kama anayewahesabu kabla ya safari.

"Mwalimu Basile," akasema.

Basile aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Inspekta akanigeukia, kidole kikiwa kwenye orodha, akaniuliza kama kweli mimi ndiye mlezi wa mwanafunzi huyu na kama naridhika na elimu anayopewa. Katika maisha yangu niliwahi kumfukuza mtoto chumbani mwa mtihani kwa kosa la kuchungulia daftari la mwenzake. Alikuwa na miaka tisa, na alilia hadi kwao. Nilijibu kwamba ndimi mlezi, na kwamba naridhika. Nikaweka sahihi yangu kwa kidole juu ya kioo cha tablete. Ilitoka mbaya, imepinda, lakini ilipokelewa.

Ripoti ilitufikia baada ya majuma mawili. Mkurugenzi alitusomea akiwa amesimama, na safari hii hakutoka jasho. Kituo kimekubaliwa kwa alama tisini na moja. Mwalimu Basile amepongezwa kwa uvumilivu usio wa kawaida, kwa kuwa amemlea kwa miaka kumi na moja mwanafunzi mzito wa kuelewa mpaka akamfikisha mahali pa kuridhisha. Kwa sababu hiyo amechaguliwa kuwa mwalimu wa mfano, na ataitwa kwenda Baraka mwezi mzima kuwafundisha walimu wengine namna ya kufundisha. Neno la mwisho lilihusu namba kumi. Kwa mujibu wa kifungu cha kumi na tatu, mwanafunzi asizidi umri wa miaka thelathini. Kwa hiyo jina lake lifutwe katika muda wa saa arobaini na nane.

Nilitaka niwepo wakati wa kumwambia, na nilikuwepo. Mkurugenzi alikuwa na huzuni ya kweli. Macho yake yalikuwa mekundu. Alieleza kwamba ahadi ya kurudisha mambo mahali pake haiwezekani tena, kwa sababu sasa kituo kina ripoti, na ripoti ina jina la mwalimu. Mwalimu ni Basile. Kuwa mwanafunzi, Ndihokubwayo amezidi umri. Akiwa mgeni, kifungu cha kumi na saba kinamzuia mlangoni.

"Kwa hiyo minye siko kitu," Ndihokubwayo alisema. Hakuuliza. Aliweka juu ya meza ile sare, imefuliwa na kupigwa pasi.

Mkurugenzi alikuwa na wazo, na alilitoa kama zawadi. Sentineli wa mchana, mlinzi wa lango, alikuwa ameacha kazi. Waraka wote, kurasa kumi na nne, haukudai sentineli awe na diploma yoyote, wala haukumwekea umri. Kazi yenyewe ilikuwa kiti, lango, na daftari la kuandikia wageni. Bi Bernardine, ambaye kwa kawaida angekuwa na neno, alitazama dirishani.

Mimi nilingoja akatae. Ningekuwa mimi ningekataa, na ningesema maneno yaliyopangika vizuri kabla ya kuondoka. Ndihokubwayo aliuliza jopo la mtihani linakuja lini. Akaambiwa, majuma manne. Akachukua daftari la wageni na kwenda langoni.

Juma lile la kwanza lilikuwa la aibu kwetu sote. Basile alikwenda Baraka kuwa mfano. Atelye, iliyokubaliwa kwa alama tisini na moja, haikuwa na mtu wa kufundisha ndani yake. Wanafunzi tisa waliketi mbele ya posti iliyolala, wakinakili bango la mzungu anayeanguka. Aliyejua kuiamsha alikuwa umbali wa hatua hamsini, juu ya kiti cha plastiki, akiandika majina ya wageni kwa herufi kubwa. Kama sheria ilivyotaka, hakuna aliyevuka.

Jumamosi Délice alinijia na waraka mkononi; sijui aliutoa wapi, na sikuuliza, ingawa Bi Bernardine ana binti wa rika lake. Aliketi karibu nami, akaniomba nisome kifungu cha kumi na saba polepole, kama nilivyokuwa nikiwasomesha watoto.

"Babu, hii inakataza muntu kuingia ndani," alisema. "Iko pahali inakataza posti kutoka inje?"

Nilivaa miwani. Nilikisoma kifungu mara tatu, kisha nikasoma vilivyo kabla yake na vilivyo baada yake, kama mabruda walivyotufundisha kusoma, bila kuongeza neno na bila kupunguza. Hakikukataza. Hakuna mahali popote ambapo waraka ule ulifikiria kwamba posti inaweza kutaka kwenda kumsalimu sentineli.

Jumatatu nilikwenda kwa mkurugenzi nikamsomea. Alininyang'anya karatasi akasoma mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu nilimwona akitabasamu kama mtu aliyepata kifungu chake. Kabla ya saa nne waya mrefu ulikuwa umepitishwa dirishani, posti imebebwa na vijana wanne mpaka langoni, na darasa limefunguliwa kando ya barabara, chini ya bati moja la sentineli. Atelye ilifungwa kwa ufunguo ili isichafuke. Humo ndani kizimamoto kilibaki katika mita moja na nusu yake, salama kabisa, mbali na moto wowote.

Sijawahi kuona darasa la namna ile. Wanawake waliokwenda sokoni walifunika macho ya watoto wao wasione mwanga. Mbuzi walipita kati ya wanafunzi. Watu wa mtaa wa Songo, walipoona moto, walianza kuleta vitu vyao: sufuria, baiskeli, lango la kanisa, kitanda cha hospitali chenye mguu uliokatika. Ndihokubwayo alimwandika kila mmoja katika daftari la wageni, kisha akawapa wanafunzi kazi. Kwa majuma matatu waliunga vyuma vilivyokuwa na wenyewe, vyuma vya watu waliosimama pale pale wakitazama na kutoa maneno makali palipopinda. Walimwita mwalimu, palepale langoni, na hakuna aliyejua kama hapo pahesabiwe kuwa ndani au nje.

Siku ya jopo, posti ilirudishwa ndani. Sentineli hakuruhusiwa kuingia. Asubuhi alikuwa ameweka skrubu sawasawa na kuwaonya wasiiguse tena, kisha akakaa kwenye kiti chake, nami nikaketi kando yake juu ya jiwe, kwa kuwa siku hiyo wazazi pia hawakuruhusiwa. Kutoka pale hatukuona kitu. Tulisikia tu ule mlio, kama ndagala wanaokaangwa katika mafuta mengi. Ndihokubwayo alifumba macho. Wa kwanza alipoanza, alikunja uso na kusema kwamba huyo ana haraka, atatoboa. Wa pili alimridhisha. Alimtambua kila mmoja kwa mlio wake, akanitajia majina, na sikuwa na namna ya kumkosoa.

"Sikia huyu," alisema baadaye, akaniinulia kidole nisiseme. "Ni Délice. Hana haraka hata kidogo."

Mlio ulikwenda mfululizo bila kukatika, mpaka nikajikuta nimezuia pumzi.

Wote tisa walifaulu. Délice alikuwa wa kwanza kwa asilimia themanini na mbili, na ninaiandika namba hiyo kwa sababu ni yake, hakuazima kwa mtu. Juu ya kila breve, katika mstari wa mwalimu, palipigwa chapa jina la Basile, aliyekuwa bado Baraka. Wanafunzi walisoma jina lile wakakunja karatasi zao. Wazazi walikuwa wamekuja na poda, kama ilivyo desturi yetu kuwamwagia waliofaulu vichwani, na wale ambao poda ilikuwa haba walikuja na unga wa muhogo. Lakini vijana hawakungoja kumwagiwa. Walichukua mifuko kutoka mikononi mwa mama zao, wakakimbia hadi langoni, wakammwagia sentineli.

Alisimama pale mweupe toka kichwani hadi viatuni, macho mawili tu yakionekana, daftari la wageni likiwa juu ili lisiharibike. Mama zao walipiga vigelegele. Délice alimwaga wa mwisho, taratibu, akahakikisha hapakubaki mahali peusi. Ndihokubwayo alipiga chafya mara moja.

Waliondoka wakiimba kuelekea mjini. Tulibaki watatu, sentineli, mimi na mkurugenzi, ambaye alikuwa ametoka ofisini akiwa na suti yake ya sherehe. Aliitazama poda iliyotapakaa langoni hadi barabarani, akakumbuka kwamba kesho kutwa wageni kutoka ofisi ya wakaguzi wanakuja kutundika kibao cha "kituo cha mfano". Alimwomba Ndihokubwayo afagie.

"Minye niko sentineli, Bwana Direkta," alijibu Ndihokubwayo, akaketi. "Nalinda."

Mkurugenzi alinitazama mimi. Nami nilimtazama, kama nilivyowatazama wanafunzi wangu waliotaka niwape jibu. Alizunguka mara moja kumtafuta mtu wa kumtuma. Hapakuwa na mtu. Akavua koti, akalitundika kwenye lango, akaenda kuleta ufagio, akaanza.

Alifagia vibaya. Aliurusha ufagio juu kama anayefukuza kuku. Poda ikapanda, ikamrudia usoni, ikakaa mahali pale pale ilipotoka. Ndihokubwayo alivumilia kwa muda, akiwa amegeuza uso upande wa pili. Niliona vidole vyake vikianza kucheza juu ya goti. Mwishowe aliinuka, akajipukuta mabega, akamwendea, akaushika ufagio juu ya mkono wa mkurugenzi na kuushusha.

"Hapana hivyo," alisema. "Shika chini. Usirushe, sukuma. Anza huku kwenye upepo unatoka. Polepole. Sasa weye fanya, minye niangalie."